Kilio cha Kizuka

Wanasema Bi Hilwa hakumlilia mumewe. Wanalisema Deira, wanalisema Sharjah, na mwaka jana nililisikia hata Maskati, katika arusi ya watu nisiowajua, kutoka kwa bibi mmoja aliyekuwa na sambusa mdomoni. "Yule mchezaji natiki," alisema, "siku ya kutoka eda alichezea watu, wakacheka mpaka wakakamata mbavu. Kaburi la mume halijakauka." Nilitamani kumpokonya ile sambusa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni, na kwa sababu mimi ni mkaza mwanawe Bi Hilwa, na mkaza mwana akimtetea mama mkwe watu huuliza ana lake jambo gani. Lakini nilikuwepo siku zote mbili, ya kilio na ya kicheko, na nitaeleza nilivyoona.

Jina langu Huda, mtu wa Mombasa. Nilikuja Dubai kuuza manukato katika duka moja la Naif, na humo ndimo Adib, mwana wa pekee wa Bi Hilwa, alimoniona. Mama mkwe wangu nilimwona akicheza mara ya kwanza katika arusi yangu mwenyewe, mwaka elfu mbili na tisa. Nimekalishwa juu kwenye kiti cha bibi arusi, nimeonywa niiname nisicheke, simu za wageni zote zimekusanywa mlangoni ili pasipigwe picha, mara akaingia kizee kifupi kilichojifunga shuka nyeupe. Sikuchukua muda. Nilicheka mpaka wanja ukanishuka mashavuni, na shangazi zangu waliotoka Mombasa wakanikasirikia hadi walipoanza kucheka wao.

Natiki, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuimba na kuchekesha ambao vyama vya taarabu vya wanawake wa Unguja vilikuwa vikiutia katikati ya nyimbo. Wachezaji wanawake, watazamaji wanawake, mwanamume hakanyagi. Bi Hilwa aliingia chamani msichana, na kwa kuwa alikuwa mwembamba asiye na kifua, wakampa uanaume. Alikuwa kadhi, alikuwa tajiri bahili, alikuwa mlevi wa mtaani mwenye masharubu ya wanja. "Nilikuwa mwanamume mzuri, mwanangu," alizoea kuniambia tukichambua mchele. "Mzuri kuliko wengi niliokuja kuwaona."

Lakini aliyempa jina hakuwa mwanamume. Alikuwa Kizuka.

Kizuka ni mjane aliye edani, aliyekaa ndani miezi minne na siku kumi baada ya mumewe kufa. Katika natiki yao kizuka huyo ameketi kwenye mkeka, analia kwa kuimba, na ubavuni pake yupo shoga yake aliyekuja kumliwaza, ameshika birika la chai. Kizuka anatoa sauti: "Bwana wee! Umeniacha na nani?" Sauti inapanda, inapanda, inakatika. Halafu anavuta pumzi kwa ndani, pumzi ndefu yenye mlio, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Hapo shoga anamwinamia kwa huruma na kumuuliza, "Sukari imetosha, shoga?" Na kizuka, machozi yakimtiririka, anajibu, "Ongeza kijiko."

Basi, ndiyo hiyo. Ukiisoma hapa huenda usicheke. Ungemwona Bi Hilwa na Bi Sheikha, aliyekuwa shoga yake mchezoni na maishani, ungelala chini. Nimeona mwanamke mwenye mimba ya miezi minane akitolewa nje kwa kuogopwa asije akazaa.

Ile pumzi hakuizua. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, na muda wote wa eda alilala kwenye mkeka mmoja na mama yake. Ndivyo mama alivyolia: maneno yale yale, sauti ile ile, na pumzi ile ile ya kuvuta. Miaka ikapita, chama kikampa Hilwa nafasi ya kizuka, akaambiwa alie, akajikuta hajui kilio kingine. Alikitoa cha mamake. Bi Sheikha aliposikia ile pumzi mazoezini ndipo alipoongeza lile swali la sukari, na chama kizima kikaanguka kwa kicheko.

Siku ya mchezo mama yake alikuwepo, safu ya pili. Alicheka kama wenzake, tena sana. Waliporudi nyumbani akavua buibui lake, akalikunja taratibu, akasema, "Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikilia." Hakusema kwa hasira. Lakini tangu hapo, Bi Hilwa alinieleza, mama yake hakulia tena kwa sauti. Alimzika kaka yake, alimzika mwanawe wa mwisho, akikaa tu na kutazama mikono yake.

"Na wewe hukuacha kucheza?" nilimuuliza.

"Watu walikuwa wanaitaka," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, Huda. Umewahi kuchekwa na ukumbi mzima kwa mapenzi? Hukuwahi. Basi tia mchele sufuriani."

Mumewe alimpata kwa njia ya kilio hicho hicho. Abdullatif alikuwa kijana wa kukodisha karabai. Alizileta taa ukumbini, akaziwasha, akatolewa nje kama wanaume wote, na kwa kuwa ilimpasa kuzirudisha mwisho wa shughuli, alikaa barazani chini ya dirisha akingoja. Hakuona chochote. Alisikia kilio, akasikia kicheko juu yake, na yeye akacheka peke yake pale barazani mpaka wapita njia wakamdhani ana wazimu. Shughuli ya pili alikuja na karabai nyingi kuliko zilizotakiwa. Ya tatu akatuma wazee kwenda kumposa yule anayelia.

Mwaka wa sitini na nne ukaja, mambo ya Unguja yakabadilika, chama kikavunjika na watu wakatawanyika. Wao walifika Dubai baadaye kidogo, Dubai ya vumbi na feni. Abdullatif alipata ukarani wa shehena bandari ya Hamriya, akisimamia magodoro, matairi na mafriji ya mtumba yanayokwenda Afrika, na kazi hiyo aliifanya mpaka mgongo ukamkataa. Bi Sheikha naye alifika, na mumewe na watoto. Hapo Kizuka akafufuka. Hapakuwa na arusi ya Wazanzibari, wala ya watu wa Mombasa na Lamu waliochanganyika nao, ambayo Bi Hilwa na Bi Sheikha hawakuitwa. Mabinti waliozaliwa hapa, wasiojua Kiswahili ila cha kuomba ruhusa, walijua kusema "Sukari imetosha, shoga?" Wakigombana wanaulizana hivyo. Hata Adib nimemsikia akimuuliza dereva wa lori kwenye ghala lake kule Al Quoz, na yule dereva ni Mpathani wa Pakistani, Kiswahili hajui hata neno.

Abdullatif hakuwahi kumkataza mkewe kucheza. Yeye ndiye aliyempeleka kwenye shughuli na gari, na akakaa nje akimngoja, kwenye gari kama alivyokaa barazani, kioo kimeteremshwa. Maisha yao yote alimwomba kitu kimoja tu: amchezee Kizuka nyumbani, aone kwa macho kile alichokisikia miaka yote. Na hicho ndicho Bi Hilwa alichomnyima.

"Nikulilie ungali hai, ndani ya nyumba yako? Huo uchuro, bwana."

"Mbona unalia mbele ya watu?"

"Kule namlilia mume wa natiki. Hapa mume ni wewe."

Ulikuwa ni utani wao, lakini Bi Hilwa hakuwa akitania. Aliogopa kweli. Aliamini kwamba ukimlilia mtu aliye hai nyumbani kwake unamwitia mauti, na hapakuwa na sheikh wala daktari wa kumtoa katika hilo.

Mwishoni mwa elfu mbili na kumi na tatu Abdullatif aliugua mapafu. Nilikuwa nikipeleka uji hospitali mimi na mama kila siku, kabla sijaenda kazini. Asubuhi moja mzee alikuwa na nguvu kidogo, akavua ile barakoa ya hewa.

"Hilwa," alisema, "nililie leo nikusikie kwa karibu."

"Baba Adib, wacha uchuro wako."

"Kidogo tu."

"Ukirudi nyumbani. Ukirudi nitamwita Sheikha, tutakuchezea natiki nzima, na masharubu nitatia."

Mzee akatabasamu. "Basi mimi nitakaa nje ya dirisha, kama zamani."

"Nyumba iko ghorofa ya nne, mwanamume wewe! Utakaa wapi?"

"Nitapata pa kukaa," alisema Abdullatif, akarudisha barakoa yake.

Hakurudi. Alikufa mwanzoni mwa Februari. Walimwosha, wakamleta nyumbani Hor Al Anz aagwe, kisha wamchukue makaburini baada ya Alasiri. Sebule yetu ilijaa wanawake mpaka kwenye ushoroba. Bi Hilwa alikuwa hajatoa sauti tangu alfajiri. Alikuwa akiitikia pole, akiuliza kama Adib amekula, akitazama viatu vya mumewe vilivyokuwa bado mlangoni. Mimi niliona macho yake na nikajua kwamba kuna kitu kinapanda ndani yake na kinatafuta njia.

Lifti ilikuwa ndogo, hivyo wanaume wakalibeba jeneza kwa ngazi. Tulisikia tahalili yao ikishuka, ghorofa moja, ya pili. Na ilipozama, Bi Hilwa akalia.

"Bwana wee! Umeniacha na nani?"

Ilipanda, ikapanda, ikakatika. Kisha akavuta pumzi.

Mnajua alikokuwa ameketi Bi Sheikha. Palepale ubavuni pake, alipokaa maisha yake yote. Bibi wa watu ana miaka themanini, amekesha, amelia mpaka macho yamevimba, na mdomo wake umezoea. Naapa kwamba hakukusudia. Aliinama kwa huruma, akamshika shoga yake bega, na neno likamtoka kabla hajalijua:

"Sukari imetosha, shoga?"

Halafu binti mmoja karibu na jikoni akapasuka. Akaziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yakitikisika, na mwenzake akamwona, na mwenzake mwingine, na kicheko cha msibani si kitu cha kuzuilika, ukikibana kinatokea puani. Chumba kizima kikacheka. Walicheka huku wakisema astaghfirullah. Walicheka huku wakilia. Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya kahawa, na nilichokiona ni uso wa Bi Hilwa. Alikuwa amefungua mdomo kwa kilio cha pili. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akaufunga.

Bi Sheikha alitoka amejifunika uso, akashuka ngazi bila viatu. Eda nzima hakurudi.

Mama mkwe wangu alikaa eda yake yote bila kutoa chozi. Alivaa nguo zake nyeupe, alisali, alisoma, alikula akiambiwa ale. Adib, mume wangu, mtu mwema lakini mzito wa kuelewa, alikuwa akiwaambia wageni, "Mashallah, mama ana subira." Wageni wakitoka wakaambiana kwenye lifti kwamba hana subira, hana huzuni, aliyezoea kuchezea mauti hayamuumi. Nililisikia kwa masikio yangu na nikabonyeza lifti ifunguke ili wajue nimesikia.

Siku moja nilimkuta bafuni, bomba limefunguliwa. Hakuwa akitawadha. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, anajaribu kulia. Alitoa sauti moja, si yake, nyembamba, akaiacha. Akatoa nyingine nzito. Akaiacha nayo.

"Sina kingine, Huda," alisema aliponiona. "Kilio changu ni kile kile kimoja, na chenyewe si changu, cha mama. Nikakigeuza chai. Sasa Abdullatif amekwenda bila kuliliwa, na mimi ndiye niliyemnyima alipokuwa akikiomba."

Nilimwambia alie, hapakuwa na mtu ila mimi. Akatikisa kichwa.

"Nikianza nalisikia lile swali. Hata Sheikha asipokuwepo, nalisikia."

Nilifunga bomba.

Eda iliisha katikati ya Juni, siku chache kabla ya Ramadhani. Kwa desturi wanawake huja kumtoa kizuka: anaogeshwa, anavishwa nguo ya rangi, anafukizwa udi, watu wanakula. Siku moja kabla yake mama aliniita.

"Mpigie Sheikha simu. Mwambie aje, na birika."

"Birika la nini, mama?"

"Wee mwambie tu. Yeye anajua."

Bi Sheikha alikuja. Alisimama mlangoni na birika lake la natiki ndani ya mfuko wa plastiki, hajui avue viatu au akimbie. Bi Hilwa, ametoka kuogeshwa, amevaa gauni la kijani, akamshika mkono, akamwongoza mpaka sebuleni mbele ya wanawake wote, akaketi chini kwenye mkeka. Akajifunga shuka nyeupe juu ya lile gauni. Watu wakaanza kunong'onezana, na baadhi wakapiga vigelegele, kwani walidhani kizuka amefunguka na anawapa furaha waliyoizoea. Wengine walikunja nyuso. Huyo bibi wa sambusa, au mfano wake, bila shaka alikuwa miongoni mwao.

"Huda," mama alisema, "fungua dirisha."

"Mama, Juni hii? Watu wataungua. Eisi inafanya kazi."

"Fungua dirisha, mwanangu."

Nilifungua. Joto likaingia kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni, pamoja na honi za barabarani na harufu ya bandari. Wanawake wakalalamika, wakajipepea kwa ncha za mitandio. Na Bi Hilwa akalia.

"Bwana wee! Umeniacha na nani?"

Ikapanda, ikakatika, akavuta pumzi. Bi Sheikha alikuwa na birika mkononi na mdomo umekauka. Bi Hilwa akamwashiria kwa kichwa: sema. Akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Sukari imetosha, shoga?"

Sebule ikalipuka. Walikuwa wamekaa miezi na kicheko hicho wakikionea haya, na sasa mwenyewe amewaruhusu. Wakangoja, "Ongeza kijiko," wengine midomo tayari imeanza. Lakini Bi Hilwa hakulisema. Alirudi mwanzo.

"Bwana wee! Abdullatif wee!"

Jina hilo halimo katika natiki. Wakacheka zaidi, waliona ameongeza kionjo. Akavuta pumzi, akamtazama Bi Sheikha, Bi Sheikha akauliza tena, wakacheka tena. Akalia mara nyingine, na nyingine. Akaililia baraza na karabai zake. Akalililia gari lililoteremshwa kioo. Akasema, "Nilikunyima, bwana, nilikunyima," na wanawake wakapiga makofi kwenye mapaja, wakafuta macho, wakasema bibi huyu hazeeki. Kila kicheko kilipopanda, sauti yake nayo ilipanda chini yake, ikijificha humo, na ikawa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. Mwisho Bi Sheikha hakuweza tena kuuliza. Alikuwa ameweka birika chini, amemkumbatia shoga yake kiunoni, uso wake umejaa maji, na watu wakadhani huo nao ni mchezo.

Nilisimama dirishani nikawatazama wote. Nilitaka kuwapigia kelele wanyamaze. Nashukuru Mungu kwamba sikufanya hivyo, kwa maana wangenyamaza, na yeye angenyamaza pamoja nao.

Alilia mpaka kilio kikamwishia. Kisha akafuta uso kwa ncha ya shuka, akakaa sawasawa, na kwa sauti kavu kabisa akasema, "Ongeza kijiko."

Vigelegele vilivuka barabara. Wahindi wa duka la chini walitoka nje kutazama juu.

Baadaye, wageni wamekwenda na sahani zinaoshwa, nilimkuta bado amekaa karibu na dirisha lililo wazi, nywele zimemgandia shingoni kwa jasho. Nilimuuliza kama nilifunge.

"Ngoja kidogo," alisema. "Alikuwa akikisikia hivi hivi, Huda. Kilio, na kicheko chao juu yake. Ningelilia kwa namna nyingine asingejua kwamba ni mimi."

Hakucheza tena baada ya siku hiyo. Alimfuata mumewe miaka mitatu baadaye, na amelala makaburi hayo hayo. Nilimlilia mimi na Bi Sheikha, kila mtu kwa kilio chake. Wanaosema hakumlilia mumewe na waendelee kusema. Wengi wao walikuwepo, walisikia yote, na walipiga makofi.

Jioni ile ya kutoka eda aliniomba chai. Nilimletea, nikamtilia sukari vijiko viwili kama alivyozoea. Akapuliza, akafyonza kidogo, akashusha kikombe na kunitazama, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama imetosha.